Mwiko wa Tatu

Mwiko wangu wa kwanza ulikoroga kitawa
jikoni kwa bibi, hapa hapa Kidia, moshi ukiniuma macho.
Wa pili nimepewa juzi, wa fundi mwashi,
mpini umezungushiwa utepe mwekundu, namba saba,
nikaambiwa: kwangua, usichimbe.
Kwangua kama unayebandua ukoko
kwenye sufuria ya kuazima.

Tuko kumi na mmoja tuliojitolea.
Godlisten ameegesha bodaboda chini ya mparachichi.
Mama Ndeshi amekuja na kigoda chake na maneno yake.
Mwinjilisti mstaafu anashika kamba ya kupimia
kana kwamba mwisho wake kuna ng'ombe.
Chai ya rangi saa nne, ndizi saa saba.
Malipo ni hayo, na kujua.

Bi. Zulfa wa chuo kikuu ametuonyesha ukuta wa shimo:
juu, udongo mweusi wa samadi na migomba;
kisha jivu; kisha mfongo wa zamani uliozibwa;
na huko chini, huko tunakokwenda,
mavi ya chuma.
Mama Ndeshi alicheka hadi kanga ikamfunguka:
"Kumbe hata chuma kilikwenda haja,
nasi tumeacha kupalilia kahawa tuje kuyaokota!"
Lakini ndiye aliyeyaosha, moja moja, kwa mswaki,
na jioni akamwuliza Bi. Zulfa kwa sauti ya chini
kama yule mhunzi alikuwa na mke,
na mke alimpikia nini.

Kazi yangu ni daftari.
Naandika kina, rangi ya udongo, idadi.
Ndekirwa, kaka yangu, anatikisa chekeche.
Hatuna ugomvi, mimi na yeye.
Tunasalimiana vizuri, tunazikiana vizuri.

Jumatano, kina sentimita kumi na nne,
hata kwenye jivu hatujafika,
akanyanyua kipande cha kauri:
ukingo wa dhahabu, nusu ya ua la buluu.
Bi. Zulfa akatupa jicho.
"Cha juzi tu hicho. Kiwekeni na takataka."

Juzi.
Juzi nilikuwa na miaka tisa.
Kikombe cha bibi, cha kipaimara,
kilichokaa kabatini kikimsubiri mchungaji,
kilinitoka mkononi.
Nikakifukia kwa vidole hivi nyuma ya banda la mbuzi,
na bibi alipouliza nikasema: Ndekirwa.
Fimbo ilikuwa ya mkahawa. Haivunjiki upesi.
Nilihesabu nikiwa jikoni.
Idadi ninayo; sijaiandika popote.

Mwiko wa tatu hauna mpini.
Bibi alisema nyumba inayomsingizia mtoto
haioti migomba.
Migomba iliota. Ilizaa mikungu ya kuegeshwa kwa miti.
Hilo ndilo lililonitesa.

Kaka akakipangusa kigae kwa kidole gumba,
akanitazama mimi, si kigae.
Chekeche limesimama.
Kwenye pembe ya shimo kamba yetu imefungwa kwenye isale,
kwa kuwa mpaka wa kihamba ni isale,
na anayeomba asamehewe haji mikono mitupu, huja nalo.
Nikachuma jani, nikalipiga fundo
vibaya, kama mtu aliyeona tu wakubwa wakifunga,
nikaliweka kwenye chekeche, katikati ya kokoto.

Alikaa nalo.
Godlisten aliwasha pikipiki, akaizima.
Kisha kaka akalichomeka mfukoni mwa shati, penye kalamu,
akasema, "Haya, andika."
"Niandike nini?"
"Kina. Rangi. Na aliyevunja."

Nambari mia mbili kumi na mbili.
Kikombe, kauri, kipande kimoja.
Udongo mweusi, wenye mizizi.
Chini yake jina langu lote, la ubatizo na la ukoo,
kwa kalamu aliyoniazima.

Bi. Zulfa ataniuliza kesho.
Mama Ndeshi anapiga kelele kwamba maji ya kuoshea yamekwisha,
na huyu mwanamume, ndoo mbili mikononi,
anateremka mfongoni
akipiga mluzi ambao sijausikia tangu tukiwa watoto.